Maji Yaliyong'aa Mapema

Kila asubuhi Bitutu alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akachota maji katika kisima kilichokuwa nyuma ya nyumba yao huko Masara. Mama yake, aliyehamia hapo kutoka Kisii kuuza mboga, aliyatumia maji hayo kumpikia uji Omanga, mdogo wake Bitutu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Jumamosi moja alikuja Madam Mellen, mtaalamu wa maji kutoka Homa Bay. Watu wa Masara husafisha dhahabu kwa zebaki, naye alitaka kujua kama sumu hiyo imefika kwenye maji ya chini. Mafundi wake walikuwa wametoboa shimo jembamba karibu na kisima, wakatia bomba la plastiki.

"Ndani ya bomba kuna tope la kutoboa," alimweleza Bitutu, akimpa glavu na kopo refu lenye kamba. "Chota, mwaga, chota tena, mpaka yaje maji ya ardhi yenyewe, yakiwa safi. Hapo ndipo nitajaza chupa ya kupima. Utaweza?"

"Nitaweza, madam."

Madam Mellen akaenda kwa wasafisha dhahabu kuchukua udongo. Bitutu alimwona akichimba kwa mwiko mdogo, kisha akiosha mwiko huo na kubadilisha glavu kabla ya kugusa mahali pengine.

Bitutu alichota mpaka mikono ikamuuma. Maji yalibaki ya kahawia. Zablon, mtoto wa jirani, akapita na mpira wa makaratasi.

"Wewe! Hata ukichota mpaka Krismasi, hiyo itabaki chai ya maziwa," alicheka. "Kuja tucheze kati, tukwepe mpira. Tumekosa mtu mmoja."

Bitutu akawakumbuka wanawake wanaosafisha dhahabu. Karai likijaa tope, wao huongeza maji safi, na tope humwagika. Akaenda kwenye tangi la maji ya mvua lililokuwa kando ya nyumba yao, akamimina bombani ndoo baada ya ndoo. Kopo lilipopanda tena, maji yalikuwa yanang'aa.

Madam Mellen aliporudi, alijaza chupa yake. "Kazi nzuri sana, Bitutu!"

Bitutu alitazama chini, kisha akakimbia kucheza.

Majibu ya maji yalipotoka, Madam Mellen alimpigia mama simu. "Hayana zebaki. Endeleeni kuyatumia." Mama alishukuru Mungu kwa sauti. Bitutu alitaka kusema ukweli, lakini akachukua ndoo akaenda kisimani. Kila siku aliendelea kuchota maji yale yale, na kila siku kusema kulizidi kuwa kugumu.

Mwezi uliofuata Madam Mellen akarudi, uso umekunjamana. "Mama Bitutu, kuna jambo silielewi. Majibu ya udongo yametoka, na udongo huo una zebaki nyingi. Lakini yale maji hayana hata chumvi ya ardhi. Ni kama maji ya mvua."

Mama alikuwa amempakata Omanga, akimnywesha maji. Bitutu alimpokonya kikombe. Omanga akalia.

"Una wazimu?" mama aliuliza.

"Mama, ni maji ya mvua kweli. Niliyamwaga bombani. Nilikuwa nimechoka."

Mama hakumgombeza. Alimtazama tu Omanga, na hilo lilimuuma Bitutu kuliko kiboko.

Siku ile walichota upya, safari hii Madam Mellen akiwa kando yake, mpaka jioni. Majibu ya pili yalionyesha zebaki. Kisima kikafungwa, na majirani wote wakaanza kuchota maji mbali, kwenye mfereji wa kanisa, wenye maji safi ya bomba. Omanga alipelekwa hospitali kupimwa. Daktari alisema hali yake si mbaya, lakini arudishwe mara kwa mara aangaliwe.

"Nami nilikosa," Madam Mellen alimwambia Bitutu. "Nilikuachia kazi ya watu wazima, na sikukueleza ya nini. Kuchoka si kosa. Ungeniita tu, ukaniambia, 'Madam, nimeshindwa,' tungesaidiana kuchota."

"Naomba msamaha, madam."

"Nimekusamehe, na mama yako pia amekusamehe. Lakini yale maji ambayo Omanga amekwisha kunywa, hakuna anayeweza kuyatoa. Ndiyo maana ukweli husemwa mapema, mwanangu."