Matuta ya Mama Kui

Asubuhi ya Wakonyo ilianza na ufagio. Alifagia ua mpaka mchanga ukabaki na mistari kama kichwa kilichochanwa. Kisha aliingia kwenye bustani yake ya sukuma wiki. Aliokota kila jani kavu na kila unyasi, akavichoma kando ya choo. Mamake alimlea hivyo kule Gatundu: shamba chafu ni la mtu mvivu.

Mwaka huo Wakonyo na mumewe Kiama walikuwa wamehama kutoka chumba cha kupanga kule Githurai 45. Walijenga nyumba ya mabati Ngoliba, upande wa kuelekea mpaka wa Machakos. Wakonyo alipapenda. Alikuwa na mlango wake, kuku sita, na binti yao Kui alicheza bila jirani kugonga ukuta.

Lakini Ngoliba ni pakavu. Punda alileta mitungi minne ya maji kutoka mtoni kila siku. Mitatu iliishia kwenye sukuma. Na bado sukuma zilisimama na majani mawili mawili, ya manjano.

"Mama Kui," Kiama alisema jioni moja mwanzo wa Septemba, "tunamwagilia na hatuli. Mwas amenipigia tena."

Mwas ndiye aliyesimamia nyumba za kupanga walikotoka.

"Anasema chumba chetu bado kiko wazi. Oktoba ikiisha kama hatujala mboga ya hapa, tunarudi."

"Kurudi kwa chumba ambacho ukipika, unalala na moshi?"

"Huko bomba linatoa maji."

"Linatoa Jumanne."

"Jumanne pia ni siku," Kiama alisema, akavua viatu.

Wakonyo hakulala vizuri.

Kesho yake jirani yao Mbithe alikuja kurudisha ungo. Alikuwa nyanya wa wajukuu saba, na alikuwa amelima Ngoliba miaka thelathini. Watu walimwita Mama Mulei. Alitazama yale matuta marefu yaliyoinuka, safi kama meza.

"Mama Kui, haya makaburi ni ya nani?"

"Si makaburi, Mama Mulei. Ni matuta. Kwetu Gatundu tunapanda hivi."

"Gatundu mvua inanyesha mpaka mnaikimbia. Mnainua mizizi isioze. Hapa ni nini itaoza?" Aliingiza kidole kwenye tuta. Kilitoka na vumbi. "Umemwagilia lini?"

"Asubuhi hii."

"Basi umemwagilia jua. Kuja uone kwangu."

Bustani ya Mbithe ilikuwa chini, si juu. Sukuma zake zilikaa ndani ya shimo refu, na udongo wote ulikuwa umefunikwa na nyasi kavu. Wakonyo aliona uchafu mtupu. Lakini majani ya sukuma yalikuwa mapana kama sahani.

Mbithe aliinua nyasi kidogo. "Weka kidole."

Kidole cha Wakonyo kilitoka na matope.

"Umemwagilia lini?"

"Juzi jioni."

Wakonyo aliweka kidole tena, mahali pengine. Matope.

"Hata sisi tulifundishwa na afisa wa kilimo," Mbithe alisema. "Mimi pia nilikuwa na makaburi."

Jumatatu walichimba pamoja. Shimo lilifika magotini, upana wa hatua moja, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Chini walitandaza mabua ya mahindi. Juu yake walirudisha udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Hawakulijaza. Waliacha shubiri moja, ili maji yakimwagwa yasipate njia ya kutoroka. Walipanda miche aliyoitoa Mbithe, kisha wakafunika udongo kwa nyasi.

"Nyasi isiguse shina," Mbithe alimwonya, "usije ukakaribisha mchwa. Mwagilia jioni, jua likilegea. Na maji uliyooshea mchele usimwage njiani. Lete hapa."

"Ni kama nimetupa takataka shambani," Wakonyo alinung'unika.

"Hiyo ni nguo. Wewe unaweza kukaa juani uchi?"

Wakonyo alicheka mpaka akashika kiuno.

Wiki ya nne, sukuma zilikuwa zimeshika. Maji ya bustani yalishuka hadi mtungi mmoja kwa siku. Kisha ikaja Jumamosi ambayo Wakristo wa jumuiya ya kanisa lao walikuwa waje kuomba kwao. Wakonyo alienda kununua sukari. Kiama, ambaye hakutaka aibu ya bustani chafu, alishika reki. Alikwangua nyasi na kuichoma. Alibakisha pembe moja tu, kwa sababu wageni walikuwa wamefika langoni.

Wakonyo aliporudi aliona moshi. Aliwapikia wageni chai. Walipoondoka alisema moja tu: "Baba Kui, umewavua watoto nguo."

Siku tatu baadaye sukuma zililala, ingawa zilipewa mtungi wa maji kila jioni. Zile za pembeni, zenye nyasi, zilisimama wima. Kiama alichuchumaa. Aliweka kidole kwa zilizolala: vumbi. Akaweka kwa zilizosimama: matope.

Jioni hiyo Mbithe alimwona Kiama akiingia kwake na gunia tupu.

"Mama Mulei, naomba nyasi."

"Ya ng'ombe gani, na huna ng'ombe?"

"Ya sukuma. Wewe nicheke tu, lakini unipatie."

Alicheka, na akampatia magunia mawili.

Siku mbili kabla ya Oktoba kuisha, Wakonyo alichuma sukuma za kwanza. Kui aliomba aongezwe mara mbili. Simu ya Kiama ikalia. Alikuwa Mwas.

"Hicho chumba mpatie mtu mwingine," Kiama alisema, mdomo ukiwa umejaa. "Mimi kesho nachimba shimo la pili."