Utando wa Pipa la Bi Odile

Anselme Rigoulot alimaliza sahani nzima ya kuku wa divai ya manjano bila kusema neno, na hapo ndipo mkewe Mireille alipoanza kuogopa.

Asiyemjua Anselme angeona ni jambo dogo. Mzee kala, kashiba, kanyamaza, cha kuogopesha kiko wapi? Lakini huyu alikuwa mfamasia mstaafu wa Beaune, mji wa Burgundy, ambaye hakuweza kumeza hata punje moja ya zabibu bila kuitolea hotuba. Tangu watoto wao wahame nyumbani, kila vuli alimpakia mkewe garini wakazunguka Ufaransa wakila na kuonja, na kwenye kila meza alieleza: hii ina harufu ya ngozi iliyolowa, hii ina moshi, hii mizabibu yake inatazama jua la asubuhi. Mireille alishajifunza kuitikia "mm" huku akiwaza mambo yake. Miaka na miaka ya "mm". Mimi simlaumu hata kidogo. Ningekuwa yeye, ningeshuka garini huko huko Lyon.

Mchana ule, kwenye hoteli ndogo ya kijijini kwetu, juu kidogo ya mji wa Arbois, mkoani Jura, Anselme alikula kama anayejaza gunia. Uyoga ukaenda, mchuzi ukaenda, mkate ukaenda, kisha akaashiria aletewe sahani nyingine.

"Vipi, mzee, leo hakuna somo?" Mireille alimtania.

"Somo la nini?"

"La kuku."

Anselme aliugeuzageuza mfupa kwa uma. "Kwani ni kuku?" aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu kuuliza njia katika mtaa wake mwenyewe.

Mireille aliinama kumfuta mchuzi kwenye sharubu, ndipo akainusa pumzi yake. Ilikuwa harufu ya kokwa za jozi zilizokauka, harufu ya divai yetu ya manjano, na hilo lisingekuwa kitu. Ila chini ya jozi kulikuwa na harufu nyingine, ya ubaridi na mbao mbichi, ya mahali palipofungwa siku nyingi. Akakumbuka ghala la Bi Odile Perrard.

Walikuwa huko asubuhi ile ile. Odile ni mjane mwenye mashamba ya mizabibu mwanzo wa kijiji, na ghala lake liko chini ya nyumba, ambako hata saa sita mchana huoni kiganja chako bila taa. Divai ya manjano hulala humo kwenye mapipa miaka sita na ushee. Kwingine pipa likipungua huongezewa divai. Kwetu huachwa lipungue, na juu ya divai hujitandika utando mwembamba wa kijivu, kama ule wa maziwa yaliyopoa, na utando huo ndio unaoilinda. Nasi tunajua tangu zamani kwamba katika ule uwazi ulioachwa kati ya utando na mbao kuna anayekaa. Ninyi mtamwita jini, na sitabisha. Sisi tunamwita Mpangaji, maana hana shida na mtu, mradi usimfungulie kwa juu. Ndiyo sababu tunaonja kwa koki ndogo iliyopigiliwa chini ya pipa, na kizibo cha juu hakiguswi.

Odile aliwakingia glasi moja moja kutoka kwenye pipa la konani, simu ikalia juu, akapanda ngazi kuipokea. Hakuwaonya. Nani humwonya mgeni asifungue pipa la watu? Anselme akaonja, akatema kwenye ndoo, akahutubia, Mireille akaitikia "mm". Glasi ikabaki nusu. Sasa, kwao Burgundy, kilichobaki kwenye glasi hakimwagwi. Hurudishwa pipani, na asiyerudisha huonekana hakulelewa. Basi Anselme, kwa adabu yake yote, akapanda juu ya gogo, akang'oa kizibo kwa mkono mmoja, akamimina mabaki yake ndani.

Mireille alisikia sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya divai kudondoka. Ya pili ilikuwa ya mtu kumeza.

Odile aliporudi alikikuta kizibo mkononi mwa mgeni. "Umefanya nini?"

"Nimekurudishia, Bi Odile. Kwetu hatupotezi jasho la mtu."

Odile alimnyang'anya kizibo, akakigongelea mahali pake, akakataa kuwauzia hata chupa moja. Anselme alicheka njia nzima hadi hotelini, akisema watu wa Jura ni wakali kama divai yao. Hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho siku ile.

Mireille hakungoja sahani ya pili. Alilipa, akamshika mumewe mkono, akamrudisha garini. Alipokuwa anamfungia mkanda, Anselme alimuuliza wanakwenda wapi. Kwenye kona ya kwanza akauliza tena.

"Tukimaliza hapa tunampitia Clotilde," Mireille alisema, ili aseme kitu.

"Clotilde ndiye nani?"

"Binti yako, Anselme."

"Aa," alisema Anselme. Kisha Mireille akasikia, kutoka ndani ya kifua cha mumewe aliyekuwa amefumba mdomo, funda moja likimezwa taratibu.

Odile alifungua mlango kabla hawajabisha. Alimgeuza Anselme, akamgonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, kuanzia mabegani akishuka, vile tunavyogonga pipa kujua divai imefika wapi. Juu kulilia utupu. Katikati kulilia utupu. Karibu na kiuno ndipo mlio ulipokuwa mzito.

"Mpangaji wa lile pipa anamnywa," alinong'ona. "Mumeo alimwonjesha mate yake, naye akampenda. Ameshafika nusu."

"Anamnywa nini? Damu?"

"Damu ataifanyia nini? Anamnywa yeye. Vyote alivyoonja tangu azaliwe, na alioonja nao."

"Muite daktari," Mireille alisema, ingawa alijua anasema upuuzi.

"Nitamuita Régis."

Régis Bouvret ni muuza nyama wetu. Ana siri ya kukata moto, aliyoachiwa na shangazi yake: ukiungua unampigia simu, anakusomea maneno yake kati ya mteja na mteja, na maumivu yanaisha. Halipwi wala hashukuriwi, maana ukimshukuru dawa inaharibika. Alikuja na aproni yake yenye damu, akamgonga Anselme kama alivyofanya Odile, na uso ukambadilika.

"Mshusheni chini," alisema. "Akae mgongo kwenye pipa lile lile. Bi Odile, ng'oa kizibo, kisha panda juu ufunge mlango."

Wakamketisha. Taa ya Odile iliangikwa kwenye msumari. Régis alichuchumaa karibu na Mireille, akasema polepole, mdomo sikioni.

"Sikiliza, dada. Pipa likipungua dawa yake ni moja, kulijaza. Likijaa mpaka shingoni, Mpangaji anakosa pa kukaa, anarudi kwake. Lakini pipa hujazwa kwa divai ile ile. Ukimimina nyingine, litajaa, ila halitakuwa pipa lile."

"Nimjaze kwa nini?"

"Kwa yeye mwenyewe. Alivyoonja, alivyosema. Mrudishie maneno yake, kama alivyoyatamka. Wewe ndiye uliyekaa naye mezani miaka yote."

Mireille alimshika Anselme mikono yote miwili, na mikono ilikuwa baridi na miepesi. Alikuwa amemzoea mtu huyu hadi kumchoka, na sasa angetoa chochote amsikie akihutubia juu ya kokwa la zeituni.

"Chinon," alianza. "Tulikunywa divai nyekundu kando ya mto, ukasema ina harufu ya penseli iliyochongwa. Ukasema inakukumbusha dawati lako la shule."

Régis alikuwa ameweka kiganja kwenye kifua cha Anselme, midomo yake ikienda bila sauti. Aligonga. Mlio ulikuwa umepanda kidogo. "Endelea."

"Morteau. Ile soseji ya moshi. Ulisema... ulisema moshi wa msonobari hauendi kasi. Na kule Sauternes ulisema asali iliyo na, iliyo na nini, Mungu wangu, ulisema na kitu." Alitafuta. Aliona meza, aliona kitambaa cha meza, aliona midomo ya mumewe ikicheza chini ya sharubu, na masikioni mwake hakukuwa na kitu ila "mm" yake mwenyewe.

Funda likamezwa. Halafu la pili, haraka zaidi. Anselme alianza kuinamisha kichwa, na kutoka kwenye tundu la pipa nyuma yake ikaja pumzi ya jozi na mbao mbichi ikaijaza kona yote, na taa ikapungua ingawa hapakuwa na upepo, na Mireille akasikia kwamba anayemeza hakuwa tena kifuani tu bali pia ndani ya pipa, huku na huku kwa pamoja, kama watu wawili wanaokunywa kwa zamu kwenye kikombe kimoja, na Régis akagonga na mlio ukawa umeshuka chini ya kiuno, akagonga tena chini zaidi, akamtazama Mireille kwa macho ya mtu anayeomba asiambiwe kwamba maneno yameisha, na yalikuwa yameisha, hakuwa na neno jingine hata moja la mumewe, akafungua mdomo na kumimina alichokuwa nacho, akasema upesi upesi bila kupumua habari za Cancale, za chaza walizokula wamekaa ukutani miguu ikining'inia juu ya maji, jinsi chumvi ilivyomchoma kwenye mdomo uliopasuka na upepo, jinsi alivyocheka, na za supu ya vitunguu mjini Lyon iliyomuunguza ulimi, na za ndizi mbivu iliyopikwa na siagi aliyolishwa na mama yake akiwa mgonjwa utotoni, yote yake Mireille, ya ulimi wake na si wa mumewe, na kila alipomimina mlio ulipanda, kiuno, mbavu, mabega, mpaka Anselme akakohoa kikohozi kirefu kilichomtingisha mwili mzima, na kitu kikapita nyuma yao kwa mteremko laini na kutumbukia pipani.

Régis aliruka akakigongelea kizibo. Taa ikanyanyuka. Harufu ikawa harufu ya ghala tu.

"Mireille," alisema Anselme. "Mbona tumekaa chini kwenye baridi?"

Mireille alilia akamkumbatia. Alikuwa mzito, mwenye joto, wa kwake. Nje kwenye ngazi Régis alimsubiri, akijifuta mikono kwenye aproni.

"Maneno yote yalikuwa ya mumeo?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Mireille.

Régis alimtazama kidogo, akaenda zake dukani.

Walirudi Beaune. Anselme alimpigia Clotilde simu, akamtania kama kawaida, akalala vizuri. Mezani alikuwa amepunguza maneno. Mireille akizungumza alimsikiliza kwa subira, akiitikia "mm", na Mireille alijiambia kwamba mtu aliyeponea vile ana haki ya kuchoka.

Wiki ya Krismasi Mireille alinunua chaza kama kila mtu. Alizifungua mwenyewe jikoni, akaziweka juu ya barafu, wakaketi wawili tu, dirisha likiwa na ukungu. Anselme alinyanyua moja, akaimeza, akatabasamu.

"Zinanikumbusha Cancale," alisema.

Mireille alifurahi mpaka machozi yakamlenga. "Unakumbuka?"

"Nisikumbuke vipi? Tulikaa ukutani. Ulikuwa na sharubu zimelowa maji ya chaza, unahubiri juu ya divai ya Muscadet, na mimi nikacheka."

Kisu kidogo kilisimama mkononi mwa Mireille. Mbele yake, sharubu nyeupe za mumewe zilikuwa zinameta maji ya chumvi.

"Sharubu ni zako, Anselme," alisema polepole.

"Nilicheka," Anselme aliendelea kwa upole, kana kwamba hakusikia, "ili usijue. Asubuhi ile nilikuwa nimenunua tiketi ya treni. Ya mtu mmoja, ya kwenda tu. Niliikunja nikaificha ndani ya kiatu, na muda wote ulipokuwa unaongea nilikuwa naikanyaga."

Mireille hakuwahi kumwambia mtu habari za tiketi ile aliyoinunua yeye. Hakuisema kwa padri, hakuisema kule ghalani; ilikuwa imemiminika yenyewe pamoja na Cancale. Aliitupa baharini jioni ile ile na kumshika mumewe mkono wakarudi hotelini.

Anselme alichukua chaza nyingine, akamtazama mkewe kwa macho ya mtu anayengoja kuongezewa.

"Endelea," alisema.