Churai Iliyonuka Ng'onda

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Bibi Fama alitia makaa kwenye chetezo, na nyumba yetu mjini Rufisque ikaanza kunukia churai. Mtaani kwetu kila nyumba ina churai yake: mizizi, mbegu, ubani na vijiti vya udi vilivyolowekwa katika manukato, vikafungwa ndani ya chupa kwa wiki kadhaa mpaka vikolee. Mpita njia hujua nyumba ni ya nani hata kabla hajaona mlango. Tangu nikiwa na miaka saba, kazi ya kunusa chupa pamoja na Bibi ilikuwa yangu, mimi Sokna, mjukuu wake wa kwanza.

Kisha akaja Ngone.

Ngone ni binti wa mama yangu mdogo, na tuna umri mmoja, miaka kumi na miwili. Aliletwa kutoka Kaolack kusaidia kazi kwa sababu Mama alikuwa mgonjwa. Homa ilikuwa imekwisha, lakini Mama hakutaka kuinuka kitandani. Hakula, hakucheka, aligeukia ukuta tu.

"Dawa amemaliza," muuguzi wa zahanati alimwambia Bibi. "Sasa mtafutieni kitu cha kumrudishia hamu."

Bibi akachanganya churai mpya kwa ajili ya Mama. Nilinusa nikasema ni nzuri. Ngone akanusa, akakunja uso.

"Bibi, mizizi imezidi. Inakwaruza koo."

Bibi akanusa tena, taratibu. "Kweli. Mtoto huyu ana pua."

Bibi akapunguza mizizi, na churai ilipokolea, Ngone akaifukiza chumbani kwa Mama. Jioni hiyo Mama alikaa kitako akaomba uji, na kutoka hapo nikawa sisikii jina jingine kinywani mwa Mama. Ngone, lete chetezo. Ngone mwanangu, keti hapa. Mwanangu! Chakula kilinishinda, nikamchukia Ngone mpaka mlio wa ndala zake. Huo ulikuwa wivu, sina jina jingine la kuupa.

Naye hakunisaidia. Siku moja aliniona naiinamia ile chupa, akacheka. "Nyinyi akina Joop, pua zenu zinajua wali tu."

Huo ni utani wa kawaida. Kwa ukoo yeye ni Njai, mimi ni Joop, na akina Njai na akina Joop wametaniana tangu enzi za mababu. Siku nyingine ningemjibu kwamba akina Njai hula mpaka ukoko wa jirani. Siku hiyo nilinyamaza, na kimya changu hakikuwa cha heri.

Ijumaa Bibi alikwenda msibani. Nilichukua chupa kabatini, nikaizika ndani ya gunia la samaki wa ng'onda jikoni, ili Ngone aitafute mpaka achoke. Aliitafuta kweli, jasho likamtoka, nami nikakaa kibarazani nikijifanya nasoma. Kesho yake asubuhi niliirudisha. Hapo ndipo nilipoona kwamba kifuniko kilikuwa kimelegea usiku kucha. Churai huvuta harufu ya chochote kilicho karibu nayo. Mtoto yeyote wa Rufisque anajua hilo, na mimi nilikuwa nalijua.

Sikusema kitu. Alasiri Ngone akaiweka juu ya makaa. Moshi haujafika dirishani, Mama alitapika uji wote.

"Itoeni," alisema, akageukia ukuta. Siku hiyo hakula tena, wala Jumapili.

Jumapili jioni Bibi aliporudi kutoka msibani, alitia pua kwenye chupa. "Ng'onda. Ngone, uliiweka wapi?"

"Kabatini, Bibi. Ijumaa sikuiona, nikadhani umeondoka nayo."

"Chupa ina miguu? Ulizembea, na sasa unaongeza uongo. Kesho utapanda gari urudi kwenu."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Jumatatu asubuhi niliingia kwa Mama na bakuli la uji, mimi peke yangu, bila Ngone. Alifumbua macho, akanishika mkono, lakini hakufungua kinywa. Mkono wake ulikuwa umekonda sana. Niliogopa kwamba hatainuka tena. Nikaweka bakuli chini, nikatoka uani ambako Ngone alikuwa akikunja nguo zake huku Bibi amesimama.

"Bibi, ni mimi. Niliificha kwenye gunia la ng'onda."

"Kwa nini?"

"Mama anamwita Ngone mwanangu."

Ngone aliacha kukunja nguo. "Mimi mama yangu yuko Kaolack, mwezi wa pili huu sijamwona. Wako yuko chumba cha pili, na badala ya kuingia unakaa nje unanuna."

Nilimwomba radhi nikilia, naye akafuta pua kwa kiganja.

"Churai nyingine itachukua wiki kadhaa," akasema. "Mama mkubwa anapenda harufu gani nyingine? Wewe ndiye unayemjua."

"Kahawa," nikasema. "Kahawa ya Tuba, ile yenye pilipili, ikikaangwa. Alikuwa akiikaanga mwenyewe, hakuna aliyeruhusiwa kushika mwiko."

Tuliwasha jiko chini ya dirisha lake. Mimi nilikoroga buni na pilipili yake, Ngone akanusa.

"Epua, tayari."

"Bado. Mama huacha mpaka ing'ae."

"Tayari, nakwambia."

"Bado!"

"Mnaniunguzia kahawa, nyie watoto?"

Mama alikuwa mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili. Alitembea hatua nne, akaketi kwenye kigoda, akaninyang'anya mwiko. Asubuhi ile alikunywa kahawa na kula nusu mkate, akitugombeza sote wawili sawasawa.

Bibi alisubiri mpaka Mama akamaliza. Kisha akasema, "Leo hakuna anayepanda gari. Ngone, nilikuhukumu kabla ya kuuliza, nisamehe. Na wewe Sokna, nisikilize. Umekiri, mkakaanga kahawa pamoja, na hilo ndilo lililomwinua mama yako. Lakini kumbuka: uliyemtegea ni Ngone, aliyetapika ni mama yako. Wivu hauchagui wa kumuumiza."