Nyumba ya Tatu Huko Kairo

YAH: ULINGANISHO WA MAHALI PATATU PA MALAZI KWA MTUMISHI MMOJA (1) ATAKAYEHUDHURIA MAFUNZO YA SIKU KUMI JIJINI KAIRO

Hicho ndicho kilikuwa kichwa cha fomu. Chini yake palikuwa na safu tatu, na Desderius alikuwa amejaza mbili.

Alikuwa bwana mifugo wa mradi mmoja wa chanjo mjini Tarime, mtu wa Bukoba aliyeletwa kwa miaka miwili, akamwoa Rhobi wa kijiji cha Gorong'a, akasahau kuomba kurudi. Ndege alikuwa hajawahi kupanda. Wiki nzima alikuwa mtandaoni akisoma maoni ya watu waliokwisha kulala Kairo, mji wenye miaka zaidi ya elfu na honi nyingi kuliko miaka. Hoteli ya kwanza ilikuwa kando ya Mto Naili, ila bafuni kuna mende. Ya pili ilikuwa jirani na stesheni ya treni, ila usingizi hakuna. Kasoro zote aliziandika kwa uaminifu, kisha akapeleka fomu kwa Nelson, mratibu wa mradi.

"Mura, safu ya tatu iko wapi?" Nelson aliuliza; kwake kila mwanamume ni mura, kijana kwa Kikuria.

"Bosi, mimi nalala mahali pamoja. Mbili zinatosha kuchagua."

"Utaratibu unasema tatu. Mji wa mamilioni ya watu ukose nyumba ya tatu? Weka yoyote, ya kusindikiza. Saa nane nataka fomu mezani."

Aliyewahi kukaa ofisini anaijua nyumba ya kusindikiza. Huwekwa kwenye fomu ili ishindwe, zile nyingine zionekane zimeshindanishwa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mtandao umekatika. Desderius akatupa macho mezani kwa Efrazia, katibu muhtasi, akaona chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa na mchungaji wake, akaandika: Nyumba ya Wageni ya Bi Zeituni, Mtaa wa Wafua Shaba, ghorofa ya tatu, chumba namba tisa. Penye "Muda wa kukaa" akaweka maneno ambayo mtumishi huyaweka asipokuwa na la kusema: kwa kadiri mwenyeji atakavyoona inafaa. Penye "Kasoro" akashika kalamu kitambo, akapaacha wazi. Nyumba isiyokuwepo ina kasoro gani?

Kamati ya watu watatu, Nelson akiwa mmoja wao, ilikaa robo saa. Ikaona mende, ikaona honi, ikaichagua isiyo na kasoro. Wote watatu wakasaini.

Desderius akanyamaza. Kusema kweli kungekuwa kukiri kwamba ameghushi, na safari ingekwenda kwa mwingine. Alijiambia kwamba akifika huko atapanga chumba mwenyewe pale jirani na stesheni, nani atajua.

Jibu lilikuja Jumatatu.

Efrazia alilikuta kwenye trei ya barua zinazoingia. Bahasha haikuwa na stempu, na ilikuwa imelowa, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha tangu Ijumaa.

"Kaka Des, hii umeiweka wewe?"

"Mimi nimetoka wapi nayo?"

"Hebu inuse. Kama kisima kilichofunikwa miaka. Halafu uvumba kwa mbali."

Iliandikwa kwa Kiswahili safi cha ofisini. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Tumefurahi kuchaguliwa. Chumba namba tisa kimefagiliwa. Mgeni asihangaike na mizigo, tutaifuata wenyewe. Chini palikuwa na saini: Zeituni, Mwenyeji.

"Ile fomu uliituma wapi?" Desderius aliuliza, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayeongea kanisani.

"Sikuituma. Imo kwenye faili, haijatoka."

Akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaipa namba, akaifungia kwenye faili lile lile. Efrazia angegonga muhuri hata barua ya Ibilisi, mradi ina kumbukumbu namba.

Siku iliyofuata, Desderius alikwenda nyumbani kula. Alikuwa amevua viatu, amekaa na mkewe mezani, Rhobi alipouacha ugali wa mtama mkononi.

"Baba Kisyeri. Nani anapanda?"

"Anapanda wapi? Nyumba hii ina ghorofa?"

Lakini naye alisikia. Mtu alikuwa akipanda ngazi za mawe, polepole, mahali fulani juu ya bati, na kila hatua ya pili kiatu kililia kwii. Zilikuwa hatua ishirini na mbili, kisha kimya, kama mtu aliyefika ghorofa ya kwanza akapumzika.

"Hicho ni kiatu chako," Rhobi alinong'ona. "Cha kushoto. Si nilikwambia ukipeleke kwa fundi?"

Wote wawili wakatazama mlangoni. Kiatu cha kushoto kilikuwa pale pale, kimelala ubavu, na soli yake ina vumbi jeupe ambalo halipo Tarime yote.

Jioni mswaki haukuonekana. Ijumaa likaondoka taulo. Jumamosi, mbele ya macho yao, kamba ya nguo ilikuwa na mashati mawili, Rhobi akapiga chafya, na kamba ikabaki na vibanio. Ghorofa ya pili ilipandwa siku hiyo hiyo mchana, jua linawaka. Jumatatu, trei ikawa na barua nyingine: Tunakiri kupokea mswaki mmoja, taulo moja, mashati mawili. Mashati yamepigwa pasi.

Rhobi ndiye aliyempeleka Sirari, kwa Nassib, wakala wa forodha ambaye asubuhi hutoa malori mpakani na alasiri huwasomea watu wenye majini. Nassib hakuuliza habari za jini. Alitaka karatasi kwanza. Akazisoma nakala za fomu na za barua mara mbili, akaziweka mezani taratibu.

"Shemeji," akamwambia Rhobi, "mimi natoa kilichoingia. Huyu hajaingiliwa na kitu."

"Sasa anayepanda ni nani?"

"Si umeshasema kiatu ni cha kwake?" Akamgeukia Desderius. "Kaka, jini halijaja kwako. Wewe ndiye uliyeomba kwenda kwake. Saini tatu, muhuri, muda wa kukaa aamue mwenyeji! Hapa mzigo ni wewe, na karatasi zako zimekamilika. Hata mimi ningekufungulia geti."

"Nisomee tu, hata kidogo."

"Nisome nimwambie atoke wapi? Yuko kwake, ametulia." Alikataa hata soda waliyomnunulia. "Waliosaini watengue. Kwa maandishi. Huyu ni mtu wa maandishi."

Asubuhi ya Jumatano Desderius alisimama mbele ya Nelson akaeleza yote. Nelson alisikiliza, akaziba pua kwa leso, maana harufu ya kisima sasa ilikuwa imejaa ofisi nzima.

"Mura, nitengue kwa sababu gani? Nikisema nyumba haipo, ulighushi, na mimi nilisaini. Nikisema ipo, unaikataa kwa kosa gani? Haina hata mende."

"Bosi, imebaki ghorofa moja."

Nelson akatazama dari, akatazama kalenda. "Kamati inakaa kesho saa nne. Nitaliweka kama ajenda ya kwanza. Zaidi ya hapo sina mamlaka."

Desderius alirudi nyumbani na wingu jeusi la mvua mgongoni. Rhobi alikuwa barazani akipepeta ulezi. Akamwambia atakwenda kwa wajumbe wengine wawili, mmoja mmoja, awapigie magoti. Kilichobaki ni kuchukua koti la mvua chumbani.

"Usiingie peke yako."

"Ni hatua tatu, mama Kisyeri. Mlango uko wazi. Wewe ongea na mimi tu, usinyamaze."

Akaingia, Rhobi akiongea, koti likining'inia kwenye msumari wake ukutani, sakafu ya saruji ni ile ile aliyoipiga mwenyewe, na hatua ya kwanza ilikuwa sawa, ya pili mguu ukakanyaga juu kidogo kuliko sakafu, ya tatu juu zaidi, jiwe baridi lililolika katikati kwa nyayo za watu wengi, akataka kugeuka na goti likapanda badala ya kugeuka, kiatu cha kushoto kikalia kwii, akaita Rhobi, na Rhobi akajibu, lakini sauti yake ilitoka chini, na alipoita tena ilitoka chini zaidi, kama ya mtu aliye kwenye ua wa ndani wa nyumba ndefu, na hapo juu, karibu kabisa, mtu mwenye subira alikuwa akizungusha ufunguo.

Kamati ilikaa Alhamisi saa nne, ikatengua uteuzi kwa kauli moja. Kwenye trei palikuwa na barua moja: mgeni amepokelewa, na koti lake limeanikwa. Efrazia akaigonga muhuri.

Desderius hakusafiri kwenda Kairo. Pasipoti yake imo kabatini, haina muhuri hata mmoja. Jumatano saa nane mchana aliingia chumbani kwake Tarime, chumba chenye mlango mmoja na dirisha la nondo, kuchukua koti la mvua, na hakutoka.