Nanasi Bichi

Osea alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba la kahawa karibu na Vwawa, Mbozi. Kila asubuhi alikunywa uji wa mkewe, Loisi, akaenda kazini. Kwa miaka saba hakuvunja hata kikombe.

Jumapili moja alirudi amefura kwa hasira.

"Memsabu ameniita mwizi," alisema. "Mbele ya wageni na vibarua. Jeli ya nanasi imekataa kuganda. Eti nimeiba unga wa jeli. Jumapili ijayo isipoganda, nisirudi tena."

"Na hukuiba."

"Loisi, hata wewe unaniuliza?"

"Sikuulizi. Nasema."

Hasira yake ilikuwa ya haki. Kumwita mtu mwizi ni rahisi kuliko kutafuta kosa.

Jirani yao Nesta aliwapikia wagonjwa wa misheni. Aliposikia, alimwambia Osea, "Usitie nanasi bichi. Jaribu kwanza nyumbani, kwa supu ya kwato. Jeli hutoka huko huko, kwenye mifupa na ngozi."

Loisi alichemsha kwato mchana kutwa. Supu ikajaa mabakuli mawili. Osea alichagua nanasi lililoiva vizuri, la manjano, akalikatia katika bakuli moja. Asubuhi, kwa baridi ya Mbozi, supu tupu iliganda. Yenye nanasi ilikuwa maji.

Osea alilibeba bakuli hadi kwa Nesta, Loisi akimfuata.

"Umenidanganya, dada. Nanasi hili liliiva."

"Ulilipika?"

"Nipike tunda lililoiva kwa nini?"

Nesta alishika kichwa. "Bichi, yaani lisilopikwa. Loisi, nyama ya fahali mzee unailainishaje?"

"Kwa papai bichi."

"Basi nanasi ni hivyo hivyo, liive lisiive. Lina kitu kinachokatakata nyama, na jeli pia. Ndiyo maana ukilila sana ulimi huwasha. Moto huua nguvu hiyo. Lichemshe dakika kumi, lipoe, ndipo ulitie."

Jumapili Osea alipeleka mezani mabakuli mawili, unga sawa, maji sawa. Lenye nanasi lililochemshwa liliganda. La nanasi bichi lilichuruzika kama chai. Akaeleza sababu.

"Vizuri," alisema memsabu. "Leta visahani."

Osea hakusogea. "Uliniita mwizi mbele ya watu. Kanusha mbele yao."

Memsabu aliwageukia wageni. "Osea hakuiba."

"Na vibarua, memsabu. Wako nje."

Aliinuka, uso mwekundu, akaenda barazani. Akarudia maneno hayo, wote wakasikia. Ndipo Osea akaleta visahani.