Karavani Aliyochaguliwa Truda

Jichoreeni picha hii taratibu, kama mnavyochora kwa penseli kabla ya kutia rangi. Ni Jumamosi asubuhi, mwezi wa tano. Jua limetoka, ila upepo bado una meno. Nje kidogo ya mji wa Kartuzy kuna uwanja wa nyasi, na juu ya nyasi zimepangwa karavani tatu ndogo, vile vijumba vya magurudumu ambavyo familia huvivuta kwa gari lao wakati wa likizo. Mbele ya vijumba hivyo amesimama bibi mfupi, kitambaa cha maua kichwani, koti limefungwa vifungo vyote, mkononi ameshika pembe ya kutilia ugoro. Anazikagua kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Huyo ni Truda, jirani yangu wa ua kwa ua. Kando yake yupo mwanawe Brunon, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, na mke wa Brunon, Sabina. Nami nilikuwepo kwa sababu Truda aliniomba.

"Twende wote, Mwalimu," aliniambia. "Wale watanichagulia kwa macho yao. Nataka na mengine yawepo."

Mtajiuliza bibi aliyevuka themanini anatafuta nini kwenye karavani. Kwetu huku kando ya maziwa, kila nyumba yenye chumba cha ziada hukipangisha kwa wageni wa kiangazi. Nyumba ya Brunon haikuwa na chumba cha ziada. Ilikuwa na chumba cha mama yake, chenye dirisha linalotazama ziwa. Basi Sabina akapata wazo, na Brunon akalifunika wazo hilo kwa ahadi. Mama atalala kwenye karavani nyuma ya nyumba, kiangazi tu. Na kabla majani hayajaanguka, watamvuta nayo mpaka Kuźnica, kijiji alichozaliwa, kule kwenye ulimi mwembamba wa mchanga wenye maji kushoto na kulia. Hakuwa amefika huko tangu alipomzika dada yake. Truda alikubali kwa ajili ya Kuźnica. Hakukubali kwa ajili ya kitu kingine chochote.

Muuzaji aliitwa Klemens, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Karavani ya kwanza ilikuwa pana, ina kitanda cha heshima na jiko. Klemens akaomba karatasi za gari, akasoma, akazirudisha.

"Hii, kaka, mkishuka mlima itawasukuma ninyi mpaka ziwani. Gari lenu haliiwezi."

Ya pili ilikuwa nyepesi, na madirisha yake yote yalifunguka. Truda alipanda, akasukuma moja, akatoa kichwa nje kama kuku kwenye tundu. "Hii!" akapiga kelele. "Mwalimu, nione nilivyo!"

Klemens akakuna shingo. "Sitawaficha. Sakafu pale mlangoni imeoza. Inataka fundi."

Brunon akaikanyaga kwa kisigino, ikabonyea. "Naibadilisha mwenyewe. Wiki mbili, tatu."

"Wiki tatu?" Sabina akamgeukia. "Na wageni wa kwanza utawalaza wapi, bwana? Mgongoni kwako?"

Ya tatu ilikuwa kavu, sakafu yake ngumu kama barabara, na gari lingeivuta bila kuhema. Ila mwenyewe wa zamani alichoshwa na mvua iliyokuwa ikipenya, akayaziba madirisha yote kwa gundi nyeupe, kuzunguka kila kioo.

Truda alisukuma la kwanza. Akasukuma la pili. Akakaa kitandani.

"Hayafunguki."

"Ndivyo joto halitatoka, Mama," alisema Sabina. "Si wewe unayelia baridi kila siku?"

"Na nikifa humu, nitatokea wapi?"

Klemens akacheka. "Mlangoni, Bibi, kama sisi wengine!"

Lakini hakucheka sana. Naye ni mtu wa kwetu. Kwetu mtu akikata roho, kabla ya kulia, kabla ya kumwita padri, hufunguliwa dirisha, hata kama nje theluji inaanguka. Mlango ni wa miguu. Roho hupitia dirishani.

"Hufi, Mama," alisema Sabina. "Unaenda Kuźnica."

Brunon alikuwa anatazama nyasi. "Mama, hii ndiyo gari linayoiweza."

"Gari linaziweza mbili," alisema Truda. "Ninyi ndio hamwezi." Akavuta ugoro, akapiga chafya kubwa, nasi sote tukaitikia kwa pamoja, "Afya!" Wakainunua ile ya tatu.

Kiangazi kile kilikuwa kizuri kwa wageni. Karavani iliwekwa nyuma ya banda la kuni, mahali ambapo haikuonekana kutoka ziwani. Kila Jumapili baada ya misa nilimsikia Truda akiuliza kupitia ua.

"Brunon, lini?"

"Wiki ijayo, Mama. Wageni wakipungua."

Wageni hawakupungua. Wa kuogelea walipoondoka, walikuja wa kuokota uyoga. Wa uyoga walipoondoka, Sabina alianza kupaka rangi chumba kile, maana kilichafuliwa. Truda alikwisha kufunga mkoba wake mdogo. Nilipompelekea viazi na samaki wa chumvi kwenye krimu, nilimkuta amekaa kitandani na koti lake, mkoba magotini, kama abiria.

"Unakwenda, jirani?"

"Nimeshakwenda, Mwalimu. Wao tu ndio hawajanipeleka."

Majani yalianguka yote.

Asubuhi moja Sabina aliniita kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia. Truda alikuwa amekaa vilevile. Koti. Mkoba. Macho wazi. Mikono ilikuwa baridi, imeshakakamaa, amekufa tangu jana yake. Lakini vioo vyote vya karavani vilikuwa vimejaa mvuke kwa ndani, matone mazito yakiteremka, kama chumba ambamo watu wengi wamekuwa wakipumua.

Nilikwenda dirishani kama desturi. Nikasukuma. Gundi haikusogea.

"Brunon," nilisema, "leta nyundo. Vunja."

Brunon akageuka kwenda. Sabina akamshika mkono. Alinong'ona, lakini karavani ni ndogo.

"Usivunje. Tutaiuza."

Brunon akasimama palepale.

Usiku wa kabla ya maziko tuliimba mpaka kulipokucha, kama kwetu tunavyowaimbia maiti. Tulimzika makaburini kwetu. Kuźnica haikutajwa na mtu.

Majira ya kuchipua yalipofika, Brunon akabandika tangazo la kuuza. Akaja kijana kutoka Kościerzyna pamoja na mkewe, adhuhuri, jua likiwaka. Alijua kuchagua. Alichungulia matairi, akapapasa pembe za paa, kisha akawa anagonga ukuta kwa vidole, akisikiliza kama kuna unyevu. Akagonga. Akagonga tena.

Ndani mtu akapiga chafya.

"Afya!" alisema kijana kwa mazoea, akitabasamu. Akafungua mlango ili amsalimu aliyemo.

Harufu ya ugoro ilitoka mpaka pale niliposimama. Kijana alitazama ndani. Alitazama kitandani, nyuma ya pazia, kisha akafunga mlango polepole, kwa adabu, kama unavyomfungia mtu aliyelala. Mkewe alikuwa amekwisha kuingia garini.

Brunon akaamua kuirudisha kwa Klemens. Alirudisha gari nyuma, akainama ainue pua ya karavani, aiweke juu ya kiungo cha kuvutia. Mwaka uliopita aliiinua kwa mkono mmoja huku akipiga mluzi. Sasa alitumia yote miwili. Haikuinuka.

Alitoa godoro. Akatoa mtungi wa gesi, meza, makabati. Karavani ikabaki ganda tupu. Akaleta mizani ya bafuni, akaiweka chini ya pua. Akapiga magoti kusoma.

"Inasemaje?" nilimnong'oneza juu ya ua.

Hakuniangalia.

"Nilimbeba mwenyewe kumtia kwenye jeneza, Mwalimu. Naujua uzito huu."

Sabina alikuwa mlangoni, mikono ndani ya aproni. Sasa yeye ndiye aliyesema. "Vunja."

Brunon alipiga mara moja. Kioo kikaanguka. Pazia likatoka nje kupitia tundu, likanyooka hewani, likabaki limenyooka. Hapakuwa na upepo. Majani ya mti wa tufaha juu yake hayakutikisika. Kisha pazia likalegea.

Brunon akaishika pua ya karavani. Ikapanda kwa mkono mmoja. Sabina akapiga ishara ya msalaba, akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu maziko.

Alikuwa bado anacheka tuliposikia springi za gari. Mlio mrefu, taratibu. Gari liliinama upande mmoja nyuma, kama linavyoinama mzee anapokaa.

Milango yake yote ilikuwa imefungwa.

Brunon akaingia, akawasha. Kengele ikaanza kulia, ile inayolia abiria asipofunga mkanda. Kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu. Kiti cha nyuma. Kulia.

"Ondoa ulichoweka nyuma," alisema Sabina.

"Sijaweka kitu."

"Brunon. Ondoa."

"Hakuna kitu, Sabina! Njoo uangalie mwenyewe."

Hakwenda kuangalia. Mpaka leo hajapanda gari lile.

Fundi alibadilisha springi. Baada ya wiki zililala tena, upande uleule. Akakata waya wa kengele. Ikalia. Alimrudishia Brunon funguo bila kudai chochote, na fundi huyo si mkarimu.

Jumapili moja Brunon alikuja kwangu baada ya misa, amevaa suti ya maziko. "Mwalimu, nisindikize. Peke yangu siwezi." Nilikaa mbele. Kengele ililia tangu getini. Tulipofika njia panda ya kwenda Wejherowo, alisimamisha gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma. Alivuta mkanda juu ya kiti kitupu, kwa uangalifu, akaufunga.

Kengele ikanyamaza.

Njia nzima mimi sikugeuka kutazama nyuma. Tulipita Wejherowo, tukapita Puck, kisha nchi kavu ikawa nyembamba, ghuba upande mmoja na misonobari upande wa pili, na nyuma ya misonobari mngurumo wa bahari. Kuźnica. Alisimamisha gari mahali ambapo maji yanaonekana. Akafungua mlango wa nyuma, akafungua mkanda.

"Mama," alisema. "Tumefika."

Mawimbi yalikuja, yakarudi.

"Mama. Ni Kuźnica. Shuka."

Akanyoosha mkono, kiganja juu, kama unavyompokea mzee kwenye ngazi. Mtu mzima, mwenye mvi, amesimama kwenye upepo na mkono wazi. Niliona vidole vikigeuka rangi kwa baridi. Hakuna aliyeushika.

"Nisamehe," alinong'ona. "Basi shuka tu. Usinisamehe, lakini shuka."

Baadaye alifunga mlango. Akakaa mbele ya usukani. Akawasha gari.

Kengele ikalia.

Tangu siku ile huenda kila Jumapili. Karavani ilipata mnunuzi, na huyo hajawahi kulalamika. Chumba cha Truda bado kinapangishwa, wageni wanalisifu sana ziwa. Brunon amekonda. Anafika Kuźnica, anafungua mlango, ananyoosha mkono, anasubiri, anarudi. Nilipomwambia auze gari, alinitazama kama mtoto asiyeelewa swali. "Nimuuze na mama?"

Jana alasiri nilipita uani kwao. Gari lilikuwa limezimwa, limefungwa, Brunon yumo ndani ya nyumba anakula. Nilichungulia kioo cha nyuma. Mkanda ulikuwa umefungwa kwenye kile kiti cha kulia. Haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umepinda hewani, umejaa, kama umezunguka kitu. Nilisimama nikautazama mpaka nikawa na hakika. Ulikuwa unapanda kidogo, na kushuka. Unapanda, na kushuka.

Mengine yote mnaweza kuyasahau, wala sitawauliza. Nawaomba mkumbuke hili moja tu: mtu mkimwahidi safari, mpelekeni angali anaweza kushuka mwenyewe.