Marehemu wa Basi la Bure

Mlango wa vioo wa hoteli ulikataa kumfungukia Kuok Sio Ieng. Ni ile milango inayojifungua yenyewe mtu akisogea, na katika Macau nzima hakukuwa na mtu aliyeizoea kumzidi yeye. Alirudi nyuma, akasogea tena, akapunga mkono. Wapi! Akaja kijana na sanduku lake la safari, mlango ukafunguka, na mama wa watu akajipenyeza nyuma yake kama paka anayefuata samaki.

Sio Ieng alikuwa mjane, na fani yake ilikuwa vya bure. Asubuhi alipanda basi la hoteli pale mpakani, lile lisilotoza nauli kwa kuwa linawapeleka watu wakacheze kamari, ingawa yeye kamari hakuijua hata kwa kuota. Akifika anachukua chupa ya maji ya wageni, anakaa kutazama chemchemi zikicheza kwa muziki, anapanda kiti cha angani kinachozunguka juu ya ziwa. Kisha anashuka mtaa wa maduka ya biskuti za lozi na nyama kavu, ambako wasichana hugawa vipande vya kuonja, anaonja duka hadi duka mpaka chakula cha mchana kinakuwa kimepita. Ukimcheka, anakujibu kwamba hajaona popote palipoandikwa "isipokuwa Sio Ieng".

Aliyeshindwa kucheka ni binti yake, Lou Hoi Kei, msimamizi wa meza za karata katika mojawapo ya hoteli hizo. Siku moja alikuwa na wenzake kazini, wamevaa sare zao zilizonyooka, mama akatokea na mfuko umejaa chupa, akaita kwa furaha kwamba upande wa pili wanagawa feni za karatasi. Wenzake wakacheka. Wakamuuliza ni nani. Hoi Kei akasema ni jirani, kachanganyikiwa kidogo. Tam Wai Lam, mwenzake wa zamu, akauliza kwa nia njema tu kama mama yake mwenyewe yuko wapi siku hizi.

"Mama alishafariki," akasema Hoi Kei.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia mwezi wa saba wa kalenda yetu ya Kichina, mwezi ambao milango ya kuzimu huachwa wazi na wafu hutoka kutafuta chakula. Wafanyakazi wa hoteli waliandaa meza yao nyuma ya jengo kama kila mwaka, nguruwe wa kuchoma, machungwa, wali, na mbele ya jukwaa la waimbaji safu ya viti ambayo hakuna aliye hai anayeikalia. Wai Lam, kwa huruma yake, akamwambia kuhani amwite na mama yake Hoi Kei, asije akashinda njaa. Kuhani akageuka kuuliza jina. Watu wote walikuwa wakimtazama Hoi Kei. Angeweza kutaja jina lolote, lakini ulimini alikuwa na moja tu.

"Kuok Sio Ieng," kuhani akaita, "njoo ule, kiti chako hiki hapa."

Kesho yake ndipo mlango ulipogoma.

Siku zilizofuata mambo yalizidi. Wasichana wa biskuti walimpita Sio Ieng na sinia zao kama vile wanapita nguzo. Alipojinyakulia kipande mwenyewe, kilikuwa na ladha ya majivu. Kwenye basi, mwanamke mmoja alikuja kukaa kando yake, nadhifu kupita kiasi, gauni la hariri, nywele hazina hata unywele uliotoka, lakini akinuka ubani uliozimika na nguo iliyokauka kivulini.

"Na wewe wamekupa kiti?" mwanamke yule akanong'ona.

Sio Ieng akamjibu kwamba basi ni la bure, kiti ni popote.

"Una bahati. Una mtoto wa kukutaja. Mimi hakuna aliyewahi kuniita mama. Siku mtu yeyote akiniita, nitaitika mbio."

Aliposhuka Sio Ieng, na yeye akashuka.

Tangu jioni hiyo nyumba ndogo ya ghorofa ya tisa, alimoishi Sio Ieng na binti yake, haikuwa yao peke yao. Hariri ilisikika ikiburuzika jikoni wakati jikoni hakuna mtu, harufu ya ubani ilitoka kabatini kila nguo ilipoguswa, wali ulichacha sufuriani kabla mvuke haujaisha, na Sio Ieng alikula, akala tena, akakwangua sufuria kwa vidole, akazidi kukonda hadi bangili yake ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko.

"Kei wangu," alimwuliza binti yake, sauti iko chini, "mbona watu hawanioni? Nimemkosea nani?"

Hoi Kei alijua. Alijua, akainama, akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kilichommaliza Hoi Kei ni lifti. Walikuwa wanashuka wote wawili, mama kamshika mkono, akaingia jirani ambaye kwa miaka alikuwa akipewa chupa za maji na Sio Ieng, akasimama hivi, karibu kabisa, bega lake likaingia pale bega la Sio Ieng lilipokuwa na halikuzuiwa na kitu, akamtazama Hoi Kei kwa macho ya huruma akamwambia pole kwa msiba, mama yake alikuwa mtu mwema, na mkono ule wa mama uliomshika Hoi Kei ukawa baridi polepole kuanzia kwenye vidole.

Alikimbilia kwa Bibi Ng, mganga wa kuita roho zilizopotea, mwenye chumba nyuma ya hekalu dogo. Bibi Ng alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na Hoi Kei angefurahi zaidi kama angetukanwa.

"Umemtoa mbele za watu, utamrudisha mbele za watu wale wale," bibi akasema. "Chukua blauzi yake na konzi ya mchele. Kabla mwezi huu wa wafu haujafungwa. Ita jina lote, kwa sauti, useme ni mama yako na yu hai. Usiseme 'mama' peke yake, mjukuu wangu. Wako wengi hawana watoto, wanasubiri neno hilo tu."

Siku ya kufunga mwezi wafanyakazi walikusanyika tena nyuma ya hoteli, na safari hii wakubwa wa kampuni walikuwepo na wageni wao. Hoi Kei alikuwa na blauzi ndani ya mkoba. Mama hakuwa amerudi nyumbani tangu jana, ila sasa alimwona, amekaa kwenye safu ile ya mbele, mdogo, mfuko mapajani, akitazama huku na huku kama mtu aliyepanda basi lisilo lake. Hoi Kei akafungua mkoba. Akatoa blauzi nusu, ile yenye maua, kola imechakaa, na mmoja wa wakubwa akageuka kuitazama, na Wai Lam akageuka, na wageni wakageuka, na uso ukamwaka moto, na lile jina likapanda mpaka kooni likasimama hapo, maana kulitaja ni kusema nilimwua mama yangu kwa sababu ya chupa za maji, na jua lilikuwa linazama na kuhani ameshainua kengele ya kufungia, na ndipo alipoinama, midomo ikigusa kola, akanong'ona:

"Mama, twende nyumbani."

"Nipo, mwanangu."

Mkono uliomshika ulikuwa na joto. Gauni la hariri, nywele zimetulia. Kwenye safu ya mbele hakuonekana tena mtu. Wai Lam akauliza ni nani huyu, maana naye alimwona. Wote walimwona.

"Ni mama mkubwa," akasema Hoi Kei. "Atakaa kwangu."

Wakamwamkia kwa heshima, mkubwa mmoja akampisha kiti.

Alikaa mwaka mzima. Hakumwaibisha hata siku moja, na wenzake walimsifu kwa kulea mzee nadhifu namna ile. Hoi Kei alilala taa ikiwaka. Lakini zilikuwepo siku, kazini, watu wakimpongeza, alipojikuta anafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomla kuliko woga. Aliapa kwamba milango ikifunguka tena ataita. Alilifanyia mazoezi lile jina bafuni, maji yakimwagika, mpaka likatoka bila kutetemeka.

Mwezi wa saba ukaja. Meza, machungwa, viti. Yule wa hariri alisimama kushoto kwake amemshika mkono, Wai Lam kulia. Kuhani akamwita Kuok Sio Ieng aje kula. Ukapita ubaridi shavuni, na karibu kabisa na sikio, sauti iliyokwaruza, ya mtu asiye na kinyongo hata kidogo, ikauliza:

"Kei wangu, umeshakula?"

Hoi Kei akafungua mdomo.

"Umesikia kitu?" Wai Lam akamwuliza, akimtazama usoni.

"Hapana," akasema Hoi Kei. "Sijasikia mtu."